Gitaa Lenye Kasoro

Nilianzisha makumbusho ya magitaa kwa sababu sikujua kupiga gitaa. Afadhali niseme hivyo mapema, maana kwa miaka mingi nimewaeleza watu kwamba nilitaka kuhifadhi muziki wa watu wetu wa ziwani, na wengine wameniamini. Ukweli ni kwamba nilikuwa na gitaa langu, nililolinunua kwa karani mmoja aliyehamishwa, na kila nilipolishika lilitoa sauti ya mlango wenye bawaba kavu. Majirani walivumilia mwaka mzima. Walipoanza kuniuliza kwa upole kama ninaumwa, niliwaambia kwamba gitaa lenyewe lina kasoro, shingo yake imepinda tangu kiwandani, na hakuna binadamu anayeweza kulipiga likapigika. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka nikaamini mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Homa Bay, kijana bado, na kaptura yangu ilipigwa pasi mpaka ikawa inasimama bila mimi. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulipelekwa Nairobi kuona nyumba kubwa yenye ndege waliokaushwa na kuwekwa nyuma ya vioo. Ndege wale hawakuimba wala hawakuruka, na bado watu walipita mbele yao wakinong'ona kama wako kanisani. Siku moja, nikiwa nimekaa kimya na gitaa langu, nikawakumbuka. Nikawaza kwamba kitu kisichoimba kikitundikwa vizuri kinaweza kuheshimiwa. Ila gitaa moja ukutani lingekuwa kichekesho, kwa hiyo ilinibidi nitafute mengine ya kulizunguka.

Kamati yetu ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye hoteli ya chai karibu na gati, Mkuria kutoka Isebania aliyeolewa huku kwetu, na marehemu mumewe alikuwa amemwachia gitaa ambalo hakutaka kuliuza wala kuliona kila siku. Mimi nilikuwa katibu. Wa tatu alikuwa fundi seremala, Mkatoliki, aliyetengeneza mashua, vitanda na majeneza kwa mbao zilezile. Fundi alikataa cheo chochote, kwa hiyo akawa mwanachama wa kawaida, wa pekee tuliyekuwa naye, na ndiye aliyefanya kazi yote. Mikutano tuliifanya kwa Kiswahili kwa ajili ya mwenyekiti, na mimi niliandika kumbukumbu kwa wino mwekundu niliouchukua shuleni.

Mwenyekiti alituombea ghala la zamani la pamba. Fundi akaliezua na kuliezeka upya, akapigilia misumari mirefu ukutani, na mimi nikaenda Migori kutafuta magitaa. Huko nilimpata muuza mafuta ya taa aliyekuwa mpigaji maarufu wa dansi kabla hajabatizwa na Wasabato. Alinikabidhi gitaa lake haraka haraka, mkewe amesimama mlangoni anahakikisha, kisha akanisindikiza mpaka barabarani na kuniomba ruhusa ya kuja kulitazama siku moja moja. Akasisitiza kwamba ni kulitazama tu. Kwa njia hiyo, miezi ikapita, tukawa na magitaa manane, na langu katikati, kwenye msumari wa juu kabisa, na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: Gitaa la Mwasisi. Mwenyekiti aliuliza mwasisi ni nani. Nikamwambia tutaliamua katika kikao kijacho.

Lililobaki lilikuwa gitaa la mzee wa kisiwa cha Mfangano. Kila mtu aliyejua muziki pande zetu alimjua mvuvi huyu. Zamani, akipiga Homa Bay, meli ilichelewa kuondoka kwa sababu mabaharia wamekwenda kumsikiliza. Kisha kamba ya nyavu ikamkamata mkono wa kushoto, ikavunja vidole viwili vya mwisho, vikapona vikiwa vimekakamaa na haviwezi kukunjika. Tangu hapo hakuwa amepiga nje ya kisiwa. Huku bara watu walisema amekwisha, na maneno hayo yalikuwa yamemfikia.

Alikuja kwa mashua, wiki tatu kabla ya sherehe ya kufungua, akiwa na gitaa ndani ya gunia. Tulimpokea hotelini kwa mwenyekiti. Nilimwita jaduong', kama tunavyomwita mtu mzima wa heshima, naye aliniita mwalimu. Kiswahili chake alikitoa jeshini.

"Nitawaachia hii gitaa," alisema. "Ikae hapo na zingine, watu waione. Lakini siku ya kufungua, mimi mwenyewe nitashika, nitapiga. Wale wanasema mkono yangu imekufa, waje wasikie."

Kisha akatupigia wimbo mmoja. Mama mwenye hoteli alisahau birika likamwagikia jiko. Fundi aliinama, akautazama ule mkono bila kupepesa. Mimi nilifumba macho. Nilifumba kwa sababu nilikuwa nimeona wazungu wakifumba macho kwenye muziki, na nilitaka ionekane kwamba mimi ndiye mjuzi hapo. Kwa hiyo kati ya watu watatu tuliokuwa pale, ni mimi peke yangu ambaye sikuona jinsi mkono ule ulivyokaa kwenye shingo ya gitaa.

Alipoondoka alituambia jambo moja tu. "Mtu asiguse."

Mimi sikujihesabu kuwa mtu. Nilikuwa katibu.

Wiki iliyofuata fundi alikwenda Migori kuezeka kanisa, nikabaki na ufunguo. Nililiteremsha gitaa la mzee nikalikagua kama nilivyokagua kucha za wanafunzi kila Jumatatu, na nilichokiona kilinisikitisha. Tumbo lilikuwa na ufa uliozibwa kwa pamba na lami, kama wanavyoziba mashua. Hilo ningelivumilia. Lakini shingo ilikuwa imechimbwachimbwa upande wa nyuma, mashimo matatu au manne, mengine ya kina kirefu, kingo zake zimelainika kwa jasho. Nilifikiri ni panya. Baadaye nikafikiri ni wajukuu wenye kisu. Nikaona aibu kwa niaba ya mzee, kwamba Bwana DO, afisa wa serikali wa tarafa yetu, atakuja kufungua makumbusho na kukuta chombo cha mtu mashuhuri kama huyu kikiwa katika hali ile.

Basi nikatengeneza. Nilikwangua lami kwa wembe. Nilichanganya gundi ya fundi na vumbi la mbao kutoka sakafuni kwake, nikayajaza yale mashimo yote, nikasugua kwa msasa jioni tatu mfululizo baada ya shule mpaka shingo ikawa laini kama yai. Nikamalizia kwa vanishi iliyobaki kwenye mkebe aliotumia fundi kupaka mabenchi ya kanisa. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kiasi kile, kabla au baadaye. Lilipokauka nililitundika, nikarudi nyuma hatua tano, nikajipongeza kwa sauti.

Fundi alirudi mkesha wa sherehe akiwa na homa, akaenda moja kwa moja kulala. Nataja hilo kwa sababu baadaye alisema kwamba angeingia ghalani japo dakika moja, angetuma mtu kwa mashua usiku uleule kumwambia mzee asije.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Muuza mafuta ya taa alikuja kutoka Migori na suti yake ya ubatizo. Walikuja watu wa Rusinga, walikuja makuli wa gatini, walikuja wazee waliomkumbuka mpigaji enzi zake na wengine waliokuja kuhakikisha kwamba amekwisha. Bwana DO alikaa kwenye kiti pekee chenye mikono. Mimi nilisoma hotuba ya kurasa saba. Nilizungumzia Wamisri. Nilipofika ukurasa wa tano mwenyekiti aliniambia, kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Katibu, chai inapoa."

Mzee wa Mfangano alisimama katika koti zito, akaliteremsha gitaa lake ukutani. Niliona amelitazama kidogo zaidi ya kawaida, nikadhani amefurahi. Aliketi, akalipakata, mkono wa kushoto ukaenda mahali pake. Kisha ukasimama. Ukashuka, ukapanda, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta mlango katika nyumba yake mwenyewe. Akajaribu kupiga. Vidole vile viwili vilivyokakamaa viliusukuma mkono nje, nyuzi hazikubanika, na ilitoka sauti ambayo mimi nilikuwa naijua vizuri. Ilikuwa sauti yangu. Nyuma kabisa mtu alicheka kidogo.

"Mwalimu," alisema mzee, bila kupaza sauti. "Nani alitengeneza hii gitaa?"

"Mimi, jaduong'," nikasema. Na Mungu ananisikia, nilitabasamu. Nilikuwa nikingoja anishukuru.

Aliinua mkono wa kushoto, akaugeuza ili watu wote waone. "Hivi vidole havikunji. Nilichimba shimo zao na kisu, kidogo kidogo, miaka minne, mpaka zikapata pahali pa kulala. Sasa shimo zangu ziko wapi?"

Fundi alikuja na homa yake, akainama, akanusa vanishi. Kisha akaniangalia.

"Omera," aliniambia, yaani ndugu yangu, lakini hakulisema kindugu. "Hiyo ni ile mkebe yangu?"

Nilikubali kwa kichwa. Nilipendekeza tuchimbe upya palepale. Fundi aligonga shingo kwa ukucha, akasema gundi imeingia ndani ya mbao, na ikichimbwa tena itakatika. Nilitamani ardhi inimeze. Haikunimeza, nilikuwa nimesimama kwenye sakafu ya saruji. Mzee alikuwa amevuka ziwa na koti lake ili watu wa bara wamsikie kwa mara nyingine, na watu walikuwa pale, kila mmoja, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama siku ile, na sijawahi kujichukia kama siku ile.

Yeye hakunitazama tena. Alikuwa akitazama ukuta.

"Na ile ya juu?"

"Ile ni mbovu, jaduong'," nikasema haraka. "Shingo yake imepinda. Haiwezi kupigika."

Fundi aliliteremsha bila kuniuliza. Mzee alifumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake kama unavyotazamwa ubao wa mashua. "Imenyooka," alisema. Akavuta nyuzi, akakaza, akalegeza. "Iko sawa kabisa. Leteni kisu."

Mwenyekiti alileta kisu cha kukatia mkate, mzee akakikataa, fundi akatoa patasi ndogo mfukoni. Na pale, mbele ya Bwana DO na kibao changu cha mwasisi, mzee alianza kuichonga shingo ya gitaa langu. Alichonga, akajaribu mkono, akachonga tena. Mwenyekiti alizungusha chai mara mbili. Hakuna aliyeondoka. Vipande vya mbao vilianguka juu ya viatu vyangu, na mimi nilivihesabu kwa sababu sikujua macho yangu niyapeleke wapi.

Halafu akapiga.

Siwezi kueleza ule muziki, mimi si mtu wa kuulizwa. Safari hii niliacha macho wazi. Mkono wake ulikuwa umelala katika mashimo mapya, vile vidole viwili vimepumzika, na vingine viwili vikifanya kazi ya vinne. Waliokuja kuhakikisha kwamba amekwisha waliangalia chini. Kwetu, muziki ukinoga, mtu yeyote ana haki ya kuunyamazisha ili ajisifu au amsifu rafiki yake, kisha unaendelea. Muuza mafuta ya taa alisahau ubatizo wake, akasimama, akasimamisha wimbo na kuusifu mkono wa mzee. Mama wa Isebania, ambaye desturi si yake, alisimamisha wimbo akamsifu marehemu mumewe, akaketi analia. Fundi alisifiwa kwa patasi yake. Hata Bwana DO alisifiwa kwa subira. Nilingoja mpaka mwisho wa shughuli, na hakuna aliyenitaja.

Jioni mzee aliweka gitaa langu ndani ya gunia lake, na hakuna aliyeona ajabu, mimi mwenyewe nikiwamo. Nilimsindikiza mpaka kwenye mashua. Nilimwomba anisamehe. Aliingia mashuani, akasema, "Ile yangu inang'aa sana, mwalimu. Weka pahali watu wataiona."

Niliiweka kwenye msumari wa juu. Kibao cha mwasisi nilikigeuza nikaandika nyuma: Gitaa la mvuvi wa Mfangano, lililoharibiwa na katibu. Ghala lilirudi kwa mwenyewe baada ya miaka mitatu, magitaa yakarudi kwa wenyewe, na muuza mafuta ya taa alikuja kulichukua lake mkewe akiwa safarini. Katika miaka ile mitatu hakuna kibao kilichosomwa kama kile. Watu walikuwa wakiletana.

Mzee alipofariki, jamaa zake walinirudishia gitaa langu katika gunia lilelile. Walisema ndivyo alivyoagiza. Nililiweka mezani siku nzima kabla sijaligusa. Kisha nilifunga mlango, nikalipakata, nikaweka mkono wangu wa kushoto wenye vidole vitano vizima mahali palipochongwa, nikapiga. Lililia vilevile, kama mlango wenye bawaba kavu. Jirani aliuliza kupitia dirishani kama kuna tatizo, na kwa mara ya kwanza nilimwambia kwamba gitaa halina kasoro yoyote.