Pikipiki Iliyovalishwa Koti la Bati

Mama yangu aliapa kwamba machela hapandi. "Machela ni ya maiti na ya wanaokaribia kuwa maiti," alisema, "na mimi kilichovunjika ni nyonga, siyo roho." Alikuwa amekaa kwangu Same tangu atoke hospitali, yeye mtu wa Suji, kule mlimani, aliyezoea ukungu na migomba, sasa anashinda akitazama vumbi na minyaa. Kila asubuhi aliniuliza ninamrudisha lini nyumbani. Mlima kwa miguu asingeuweza tena, na enzi hizo za Mwingereza gari halikufika kwetu, njia ilikuwa nyembamba, ya watu na punda. Mjomba, kaka yake mama, akatuma salamu kwamba vijana wenye nguvu wako tayari kushuka na machela. Mama akamrudishia majibu ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mimi nilikuwa fundi msaidizi kwenye karakana ya shamba la katani, na nilikuwa na pikipiki. Niliinunua kwa mzungu mmoja mpima barabara aliyekuwa anarudi kwao. Huyo mzungu alichukia matope, kwa hiyo aliivalisha bati kuanzia kwenye taa, ikapita mbavuni ikaifunika injini, hadi kwenye miguu ya dereva, na bati lote akalipaka rangi ya kijani. Jamani, ilikuwa inapendeza! Nikipita sokoni watu wanageuka, na mimi najifanya siwaoni. Mama alipoiona mara ya kwanza aliizunguka na fimbo yake, akaguna.

"Miaka yote nangoja uniletee mkwe. Ndiye huyu?"

Tangu siku hiyo tukaiita mkwe.

Nikamwambia atapanda mlima na mkwe wake, amekaa wima kama mtu. Nilivyoona macho yake yalivyong'aa, nikajua nimejifunga mwenyewe. Na akachagua siku: siku ya msaragambo, kijiji kizima kinapotoka kusafisha ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Alitaka wote wawepo njiani wamwone.

Nikaenda kwanza peke yangu kuijaribu njia. Loo! Kwenye tambarare lile koti la bati lilikuwa raha tupu, lakini mlimani, kwa mwendo wa kobe, joto la injini lilijaa mle ndani likakosa pa kutokea. Magoti yangu yaliungua. Harufu ya oili ikanipanda puani, mashine ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima kabla sijafika hata nusu. Nilikaa kwenye jiwe nikaitukana hadi nikaishiwa maneno.

Tena kulikuwa na jambo baya zaidi. Nyonga ya mama ilimruhusu kukaa kwa kuelekea upande mmoja tu, na upande huo ndio uliokuwa na bomba la moshi. Miguu yake ingening'inia sentimita chache kutoka kwenye chuma chenye moto wa kukaangia. Kumfikisha nyumbani na kidonda kipya? Bora angebebwa na mjomba.

Sasa, mtu wa shamba la katani ana dawa moja tu ya kila kitu. Kitanda kimelegea, katani. Mlango hauna bawaba, katani. Nami nikalizungushia lile bomba kamba nene ya katani kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaikaza vizuri, nikaona nimemaliza kazi. Mama alinitazama kutoka kibarazani.

"Unamvalisha mkwe shanga?"

"Mama, niache nifanye kazi."

Nikaondoka peke yangu kuijaribu tena, nikijisifu. Kwenye kona za mwanzo za mlima nikaona moshi, nikadhani ni vumbi. Kisha nikasikia joto kwenye shavu la mguu, kuangalia chini, kamba inawaka! Niliruka kama chura. Nikafungua boliti za bati la ubavuni haraka haraka ili niufikie moto, nikaumwagia mchanga, nikaikata ile kamba kwa kisu. Mikono ilikuwa imeungua na nilitaka kulia, siyo kwa maumivu bali kwa sababu msaragambo ulikuwa umekaribia na mimi sikuwa na la kumwambia mama.

Bati nikalifunga mgongoni, nikaona nipande kidogo tu nipate mahali pa kugeuzia. Nikapanda, nikapata mahali pa kugeuzia, nikapapita. Injini haikukohoa. Upepo wa mlimani ulikuwa unaipiga moja kwa moja, na yenyewe inaimba tu. Nilienda hadi nikaona migomba ya kwanza ya Suji, ndipo nikasimama nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nyumbani nililivua koti lote. Sikatai, iliniuma, maana pikipiki ilibaki mbavu nje na hakuna aliyegeuka tena sokoni. Kipande kimoja cha bati nilikikunja, nikakifunga kati ya bomba na miguu ya mama, lakini sikukigusisha kwenye bomba. Niliacha nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Nikaiwasha pikipiki ikaunguruma muda mrefu, kisha nikaweka kiganja changu juu ya lile bati. Vuguvugu tu.

Siku yenyewe tuliondoka mapema. Mama alikaa upande upande, kanga mpya, fimbo mapajani, mkono mmoja umenishika mkanda. Kila penye upepo nilisimama, nikaigeuza pikipiki uso wake uelekee unakotoka upepo, tukangoja.

"Mkwe amechoka?"

"Anapumua, mama. Miguu inaungua?"

"Inapigwa na baridi ya kwetu. Twende."

Kwenye kona ya mwisho mjomba alikuwa amesimama na vijana na machela yake, hakuniamini. Mama aliwapita. Watu wa msaragambo walikuwa wamejipanga njiani na majembe begani, shikamoo zikamiminika, naye akajibu marahaba, marahaba, kichwa juu, kama vile amekuja kukagua kazi yao.

Uani kwake jirani mmoja mwanamke, ambaye utani wa mkwe ulishamfikia, alitoka mbio na kibuyu cha maji ya kumpokelea mkwe, akataka kuimwagia injini. Nikapiga kelele: "Usiimwagie! Chuma cha moto kitapasuka!" Mama akacheka hadi akashika mbavu, mara ya kwanza tangu aanguke. Akakichukua kile kibuyu akanywa mwenyewe, kisha akautazama mgomba wake wa karibu na mlango, na akalia bila kuficha. Na mimi nililia.

Mjomba alifika akihema, vijana nyuma yake. Akauliza, kwa hasira kidogo, sasa hii machela waipeleke wapi.

"Iwekeni ndani," mama akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nitaipanda siku nitakayokuwa sina mdomo wa kukataa."