Siku Marehemu Alipoingia Mahakamani

Siku niliyoripoti kazini Tukuyu, Mratibu wa kituo hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama ninasema Kinyakyusa. Nilipomwambia kwamba nimezaliwa Kisiba na nimelelewa na bibi asiyejua lugha nyingine, akafungua mlango wa chumba cha wateja na kunionyesha kiti.

"Kaa hapo," akasema. "Leo usimshauri mtu yeyote. Sikiliza tu mpaka amalize. Watu wetu jambo lenyewe hulisema mwishoni, wakiwa wameshasimama kuondoka."

Kilikuwa kituo kidogo cha msaada wa kisheria, vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, si mbali na soko. Ninyi mnaosoma sheria leo mna hukumu zote kwenye simu. Sisi tulikuwa na kabati moja la vitabu, na mvua ya Tukuyu iliyotia ukungu kila ukurasa. Kazi nyingi zilikuwa za mirathi, mipaka ya mashamba na matunzo ya watoto. Tuliwaandikia watu viapo, yaani maelezo ambayo mtu huyaapia kwamba ni ya kweli. Tuliwafundisha pia kujieleza wenyewe mbele ya baraza la kata, kwa sababu huko wakili haruhusiwi kuingia. Niliipenda kazi ile. Mtu alifika mabega yameanguka, akaondoka anajua pa kuanzia.

Kesi za mauaji hatukuzizoea. Lakini nilikuwa nimeshakaa miaka kadhaa pale, mvi ya kwanza imeota, alipoingia mama mmoja kutoka Matwebe aitwaye Tupokigwe. Alikaa muda mrefu akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Dada wakili," akasema hatimaye, "nimefiwa na kaka yangu. Na anayedaiwa kumuua ni mume wangu. Sasa niambie, mimi nilie upande gani?"

Kaka yake aliitwa Asajile, mumewe Lugano. Wawili hao walipakana mashamba, na walikuwa wamegombana hadharani, kwenye harusi, kuhusu mstari wa migomba ambao kila mmoja aliuita wake. Lugano alipandwa na hasira akatamka mbele ya watu wote kwamba iko siku Asajile hataonekana tena. Haukupita muda, Asajile hakuonekana. Kisha ukaokotwa mwili mtoni, umeharibika kiasi cha kutotambulika usoni. Wazee wa ukoo waliutambua kwa shati. Ukazikwa, na Lugano akakamatwa.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasio wanasheria. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana. Anakaa mahabusu mpaka kesi iishe. Anafikishwa kwanza mahakama ya chini, lakini mahakama hiyo haina mamlaka ya kumsikiliza, kwa hiyo hata kusema "sikuua" haruhusiwi. Kesi inatajwa tu. Kutajwa maana yake mwendesha mashtaka anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine, na mshtakiwa anarudishwa gerezani. Lugano alitajwa, akatajwa, akatajwa tena. Kila nilipomwona alikuwa amevaa shati lile lile, na kila mara lilimpwaya zaidi.

"Wakili," aliniuliza siku moja kupitia wavu wa gerezani, "nikikiri, watanisikiliza haraka?"

Nilimwambia asithubutu kulirudia neno hilo.

Ukoo ulimtaka Tupokigwe amwache mumewe na arudi kwao. Alikataa. Hakusema mumewe hana hatia. Alisema hajui, na kwamba hawezi kuamua kabla ya kujua. Nadhani hicho ndicho kilichonifunga kwake.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akisafirisha ndizi kwenda machimbo ya Chunya alipomwambia Tupokigwe kwamba huko ameona mtu anayetembea kama Asajile. Hakumwona uso, aliona mwendo tu. Nilimpelekea habari hiyo mpelelezi wa kesi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akatabasamu.

"Mama, kila mtu akifa kuna anayemwona Chunya," akasema. "Niletee mtu, usiniletee mwendo."

Nilirudi kwa Mratibu nikiwa nimekata tamaa. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, asiyeinua sauti hata kwa wadai sugu wa mashamba. Akavua miwani.

"Nenda Chunya na dada yake Asajile," akasema. "Lakini usiende kama mtu aliyeshinda kesi. Ukimkosa, utamrudisha huyo mama nyumbani akiwa amefiwa mara ya pili. Uko tayari kwa hilo?"

Nikasema niko tayari, ingawa sikuwa.

Chunya ni nchi kavu, kinyume kabisa na kwetu. Tulizunguka kambi moja hadi nyingine tukiuliza. Watu wa machimboni hawapendi maswali, kwa sababu nusu yao wameacha kitu walikotoka. Kwenye kambi ya mwisho tulisimama karibu na karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Kelele zilikuwa kubwa mno hata kuongea hatukuweza. Mwanamume mmoja alikuwa akimimina mawe, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Tupokigwe alinishika mkono. Alimwendea, akamgeuza kwa bega, akampiga kofi, kisha akamkumbatia kwa nguvu hata karai likamponyoka yule mtu.

Mashine ilipozimwa nilisikia akimwambia, "Umezikwa, Asajile. Una kaburi. Lina msalaba."

"Nani amezikwa?" Asajile aliuliza. Hakuelewa kabisa.

Tulimweleza. Alikuwa ameondoka kwa aibu ya ule ugomvi, akiwa na hasira, akitaka akumbukwe kwa uchungu kidogo. Shati lake alikuwa amemwachia mtu waliyekutana naye njiani, msafiri aliyelowa mvua. Aliposikia shemeji yake yuko gerezani alikaa chini kwenye mawe.

"Nikirudi si watanifunga mimi?" akaniuliza.

"Kwa kosa gani? La kuwa hai?" nikamjibu.

Alinawa uso, tukaondoka naye siku ile ile.

Tarehe ya kutajwa ilipofika nilimkalisha Asajile benchi la nyuma. Mwendesha mashtaka akasimama na kusema upelelezi haujakamilika. Nikaomba kuzungumza. Hakimu Mkazi, mama mkali lakini mwenye haki, akaniruhusu.

"Mheshimiwa," nikasema, "marehemu yupo mahakamani."

Watu walicheka, wakidhani ni mafumbo ya mawakili. Kisha Asajile akasimama.

"Wewe ni nani?" Hakimu akauliza.

"Mimi ndiye niliyeuawa, mheshimiwa."

Mzee mmoja wa ukoo alitoka nje mbio. Lugano, kizimbani, hakumtazama hakimu wala mimi. Alimtazama Asajile tu, na nikasikia akinong'ona jina la Mungu kwa Kinyakyusa.

Nilidhani yameisha. Hakimu aliweka kalamu chini, akanitazama kwa masikitiko ambayo sijayasahau. "Wakili, unajua kwamba siwezi," akasema. "Sina mamlaka ya kumwachia. Mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka aondoe shauri."

Kwa hiyo Lugano alirudishwa mahabusu, huku yule aliyedaiwa kuuawa amesimama kwenye nyasi za mahakama akilitazama karandinga la magereza likiondoka. Polisi wakahakiki alama za vidole za Asajile, wakawahoji ndugu, barua zikaenda na kurudi. Hakuna aliyefanya hila. Kila mtu alifuata sheria. Hilo ndilo lililoniumiza.

Siku alipoachiwa tulimngoja langoni, sisi watatu. Alitoka na mfuko wa plastiki mkononi. Alisimama mbele ya Asajile.

"Umekonda, shemeji," Lugano akasema.

"Na wewe pia," Asajile akajibu, akaanza kulia.

Lugano akamkabidhi ule mfuko ambebee. Walitangulia pamoja kuelekea stendi, na Tupokigwe akabaki nyuma nami, akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani. "Ndaga fijo," aliniambia, asante sana.

Mtu aliyelala kaburini hatujamjua mpaka leo. Wana wa ukoo waliuacha msalaba, wakafuta jina. Kila Pasaka Asajile mwenyewe hupalilia pale.

Ilikuwa ni kesi hiyo iliyonipeleka bungeni. Mwenyekiti mmoja wa kijiji alinijia na wazee wenzake baada ya ibada. "Umesema mikono ya hakimu imefungwa na sheria," akaniambia. "Basi nenda huko zinakotungwa ukaifungue." Niligombea nikiamini nitashindwa, nikashinda.

Ubunge ni kazi ya aina nyingine. Nilizoea kusikiliza mtu mmoja hadi mwisho. Sasa nilisikilizwa kwa dakika chache kisha kengele inalia. Nilijifunza kwamba sheria haibadilishwi kwa hotuba inayoonyeshwa kwenye televisheni. Inabadilishwa kwenye kamati, kwa kitu kinachoitwa jedwali la marekebisho: karatasi ambamo mbunge anaonyesha neno gani litoke na lipi liingie. Muswada wa mambo ya jinai ulipoletwa, niliandika jedwali langu. Niliomba kwamba pale ambapo anayedaiwa kuuawa amethibitika yu hai, hakimu aliyeko pale pale aweze kumwachia mshtakiwa.

Mnadhimu wa chama chetu, yaani mbunge anayesimamia msimamo wa wenzake, aliniita pembeni. "Mama, liondoe hilo. Utaonekana unaipinga serikali yako."

"Silipingi jambo lolote la serikali. Ninamtetea mtu asiyeua."

"Basi usitegemee msaada wangu kura za maoni za kuteua wagombea wa chama zikifika," akasema, bila ukali, kama anayenionya kuhusu mvua.

Kwenye kamati Waziri aliniuliza kesi kama hiyo hutokea mara ngapi. Nilisema sijui. Nikawasimulia ya Lugano tangu mwanzo, jinsi alivyoniuliza kama akikiri watamsikiliza haraka. Kifungu kilipita kikiwa kimepunguzwa makali: hakimu hakupewa mamlaka ya kuachia, bali ya kumwita wakili wa serikali aje aeleze, ndani ya muda mfupi, kwa nini mtu huyo aendelee kushikiliwa. Nilikuwa nimeomba mkate, nikapewa kipande. Lakini nilitoka ukumbini nikakaa kwenye ngazi kama mgonjwa aliyeambiwa homa imeshuka.

Kura za maoni zilipofika nilishindwa, kama nilivyoonywa. Wanangu walinipigia simu kunipa pole, wakanikuta ninachambua maharage na kuimba. Hawakuamini. Ukweli ni kwamba mzigo wa kubeba jina la kila mtu wa jimbo ulikuwa umenichosha kuliko nilivyojua.

Vijana huniuliza kazi ipi ilikuwa kubwa zaidi, uwakili au ubunge. Nawaambia zote mbili ni kazi ya kusimama kati ya mtu na mlango uliofungwa. Bungeni unaweza kufungua mlango kwa watu usiowaona kamwe, na hilo ni zuri. Ila ni kwenye uwakili unapomwona mtu akitoka.

Siku hizi nipo nyumbani na migomba yangu na kitalu cha parachichi. Wiki iliyopita alikuja kijana aliyevaa suti, uso umekunjamana, akasimama barazani akisitasita. Nilimkaribisha kiti. Nikanyamaza, nikamwachia nafasi ya kuongea. Alinisalimia, akaulizia afya yangu, akasifu mvua, akanywa chai yote. Nami nilikuwa nimeshaanza kujiandaa moyoni: ni shamba, ni ndoa, ni nduguye amekamatwa.

Akasimama kuondoka, akageuka mlangoni.

"Shikamoo tena, mama. Samahani, nilikuwa na shida moja."

"Marahaba. Iseme, mwanangu."

"Nasikia una miche ya parachichi iliyobebeshwa, ile inayozaa mapema. Bado ipo?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya baraza. Kisha nikachukua jembe, tukashuka pamoja kitaluni.