Mwanamke wa Mwisho kwenye Orodha

Mpika chapati wa hekalu la Masingasinga, hapa Yuba City, ndiye mshika orodha ya wanawake walioishtaki serikali ya shirikisho kwa kukalia visa za waume zao. Kila anayetajwa wa kwanza, serikali humpa mumewe visa chapchap, ili kesi ikose mdai na kufa.

“Shangazi, niandike juu!” kila mwanamke humsihi.

“Tulia, mumeo hatachacha.”

Mpishi hulamba penseli na kumwandika. Jina lake mwenyewe, ingawa mumewe amekwama Punjab miaka tisa, huliweka chini kabisa. Jana alibaki yeye tu; waume wa wengine wote walishapata visa.

“Mama, mtu mmoja si kundi,” wakili wao akamwambia. “Kesi imekwisha.”

Akakung’uta unga, akawageukia wanawake waliokuwa wakisukuma chapati jikoni. “Nani mwingine amekaliwa visa ya mumewe?”

Mabibi harusi wote wa mwaka huu wakainua mikono. Wakili akavuta kiti.