Kitabu Kimoja kwa Wawili

Juzi nilimpeleka mwanangu shuleni hapa Ruiru, nikaona kila mtoto na kitabu chake, vichwa vimeinama, kimya. Nikamkumbuka Mwalimu Wanjiru wa shule yetu ya Murera.

Darasani mwake tulisoma wawili wawili, kitabu kimoja katikati. Mimi, mtoto wa mkulima wa hapo hapo, alinikalisha na Nekesa, ambaye wazazi wake walitoka magharibi kuja kuchuma kahawa. Sweta yake ilinuka moshi na omena, dagaa wa ziwani kwao. Yeye alisoma, mimi nilifunua kurasa.

Alasiri moja, mvua ikipiga mabati, nilitumwa stoo kuchukua chaki. Nikakuta vitabu vipya vimepangwa hadi darini. Nilirudi mbio.

"Mwalimu, vitabu viko vingi! Vinatutosha sisi wote!"

"Najua," alisema polepole. "Rudi ukae na Nekesa."

Wakati huo nilidhani ni uchoyo tu.

Tulikuwa tumeshakuwa watu wazima uchaguzi ulipofanya majirani wa makabila tofauti waogopane. Siku moja nilimwona Nekesa akija getini kwangu na watoto wake, mikono mitupu. Hakuhitaji kubisha hodi. Nilikuwa nimeshafungua.