Kahawa Iliyonyamaza

Sisi tuliokulia Kamuli enzi za nyumba za nyasi, msimu wa kahawa ulikuwa wa tumbo joto. Kahawa ilianikwa uani kwenye mikeka, ikinukia utamu uliochacha, na mtoto aliyeachiwa zamu hakutakiwa kuyapa mawingu kisogo. Mama alikuwa akichota punje mkononi, anazitikisa karibu na sikio langu. "Sikiliza, Koku. Kavu husema, yenye unyevu hunyamaza."

Shuleni mwalimu wa Kiingereza alituandikia ubaoni neno damp. Si kulowa chapachapa, alisema, ni ule umajimaji unaobaki ndani ya kitu ambacho kwa nje unakiona kimekauka. Akatutaka tulitungie sentensi. Wenzangu waliandika habari za mashuka na kuta. Mimi niliandika kwamba kahawa yetu ni damp. Nilipata vema, lakini nikalifunga daftari haraka.

Kwa maana siku chache nyuma nilikuwa zamu, nikanogewa na mchezo wa rede kwa jirani, mvua ikanyesha. Niliporudi mbio kahawa ilikuwa imelowa. Nikaigeuzageuza juani mpaka maganda yakakauka, na Mama alipouliza, nikamwambia niliwahi kuianua. Akaniamini. Hakuitikisa, akajaza magunia.

Kahawa ile ndiyo ilikuwa bati zetu. Nyasi zilivuja, na mdogo wangu mchanga alikohoa kila mvua iliponyesha. Siku ileile ya sentensi yangu, Baba alirudi jioni akikokota baiskeli, magunia yakiwa bado juu yake. Mpimaji wa chama cha ushirika alikuwa ametikisa mara moja tu.

Tuliianika upya, lakini nyingi ilishaota ukungu. Vuli ikatukuta chini ya nyasi zilezile. Kila mara mdogo wangu alipokohoa, niliogopa atakufa kwa ajili ya rede yangu. Mungu mwema, alipona.

Siku hizi kuna kimashine, unamimina kahawa kinakupa namba ya unyevu. Wanangu wanatazama mvua kwenye simu, na nguo zao bado zinalowa kambani! Nawacheka, ila nawahurumia pia, maana hawajui kahawa inavyosema. Mimi bado natikisa.

Juzi Mama, ambaye sasa haoni vizuri, aliketi nami barazani chini ya bati, nikitikisa kahawa. "Unaikumbuka ile mvua, Koku? Ilituweza kweli."

Nikachota punje nyingine, nikanyamaza.