Sahani Isiyokuwa Yetu

Sahani ya kwanza niliiona kwenye soko la Woolwich, London, asubuhi moja nikitoka kazini hospitali. Ilikuwa imelazwa juu ya gazeti, kati ya birika lisilo na kifuniko na fremu za picha. Ilikuwa na ng'ombe watatu wakinywa maji mtoni. Picha haikuwa ile niliyoijua, lakini buluu ilikuwa ile ile. Nyumbani kwetu Unguja, sahani saba za buluu zilikaa kwenye vidaka vilivyochongwa ndani ya kuta za ukumbi, zikiwa na mnara, mitende, na mtu juu ya ngamia. Sisi watoto tulikatazwa kuzigusa. Baada ya mapinduzi tuliondoka na nguo tu, na tangu siku hiyo hakuna aliyezitaja.

Niliinunua ile ya ng'ombe. Basi nikawa situlii tena. Kila siku yangu ya mapumziko nilikuwa ndani ya basi, leo Peckham, wiki ijayo mbali zaidi, nikiinama kwenye maboksi ya watu na kugeuza sahani kusoma maandishi ya mgongoni. Nyingine niliziweka chini ya kitanda, nyingine juu ya kabati. Mama, aliyekuwa akiishi nami, alipita katikati yake kama mtu anayepita kwenye matope.

"Hizi zote za nini?" aliniuliza.

"Natafuta moja, mama."

Hakuuliza ipi.

Aliyenifundisha kuzitazama ni yule aliyeniuzia ile ya ng'ombe pale Woolwich, mama wa Kiingereza wa makamo mwenye vidole vilivyopinda. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye viwanda vya vyombo kule Staffordshire, kabla hajaolewa London. Alinieleza jinsi picha ilivyochongwa kwenye bamba la shaba, ikapakwa wino, ikapigwa kwenye karatasi nyembamba. Wasichana wakaikata kwa mkasi. Wanawake wakaibandika juu ya sahani isiyopakwa rangi bado, wakaisugua kwa brashi mpaka wino ukashika, kisha karatasi ikaoshwa ikatoka, picha ikabaki.

"Jina la mwenye kiwanda linapigwa mgongoni," alisema. "Majina yetu sisi wafanyakazi hayapo popote. Lakini tazama hapa." Akanivuta kidole, akakipitisha kwenye ukingo, mahali ambapo maua yalikatika ghafla na kuanza upya. "Hapa karatasi haikutosha, mbandikaji akaunga. Huyu alikuwa na haraka. Pengine mtoto alikuwa anaumwa nyumbani."

Kuanzia hapo nilinunua hata zilizoungwa vibaya. Nilikwenda maktaba kusoma habari za wenye viwanda: aliyefilisika, aliyerithi kwa mkwewe, aliyeuza mabamba yake kwa jirani. Nilisoma nimesimama.

Mwaka wa sita niliipata. Mnara, mitende, mtu juu ya ngamia. Niliibeba kifuani safari nzima ya basi, nikaingia jikoni bila kuvua koti, nikaiweka mbele ya mama. Alifuta mikono, akaichukua, akaipeleka dirishani.

"Inafanana," alisema. "Siyo yetu."

"Unajuaje?"

"Nilizifuta vumbi miaka kumi na minne, mwanangu. Na zetu zipo. Nilimwachia jirani wa mlango wa pili, alfajiri ile tulipoondoka."

Niliketi. "Miaka yote hii, mama, mbona hukuniambia?"

"Ulisema unatafuta sahani. Nikadhani unatafuta sahani." Akairudisha mezani taratibu. "Halafu ningekwambia, ungetaka zije. Zikija nitaziweka wapi? Hapa hakuna hata kidaka kimoja."

Siku ile nilimkasirikia, na sikujua nimkasirikie kwa lipi. Miaka yote nilikuwa nalilia kitu ambacho wala hakikupotea. Nilizunguka mtaa mara tatu kabla sijaweza kurudi ndani na kula naye.

Niliandika barua kwa jirani. Jibu lilichukua miezi, nami nilikuwa nashuka ngazi kila niliposikia barua zikidondoka mlangoni. Aliandika kwamba zimebaki tatu, na kila Ramadhani anazitumia kupelekea futari majirani. Akauliza kama nataka ampe mtu anayekuja London aniletee. Nilimjibu aendelee kuzitumia. Nikamwomba kitu kimoja tu, azigeuze aniandikie kilichopo mgongoni.

Mjukuu wake aliweka karatasi juu ya alama na kuifuatisha kwa penseli. Nilipoifungua bahasha nilisoma jina la mji: Maastricht. Nikasoma tena. Nikampelekea yule mama wa Woolwich, naye akavaa miwani, akacheka mpaka akashika meza.

"Waholanzi," alisema. "Waliiga picha zetu wakaziuza kwenu. Sahani zenu hazikuwahi hata kufika Uingereza, dada yangu."

Miaka yote ile nilikuwa nachungulia maboksi ya nchi isiyohusika. Nilicheka pamoja naye, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake na sikuwa na pa kuuficha uso. Kisha nilimuaga, nikavuka barabara mpaka ofisi ya wakala wa safari, na kuuliza meli ya kwenda Uholanzi inaondoka siku gani.