Nilivyoipeleka Damu ya Nai Mjini

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya maneno ya kaka yangu, Lomayani. Binti yangu Nai alikuwa na miaka mitano na hajatamka neno hata moja. Kiziwi hakuwa, maana mfuniko wa ndoo ya maziwa ukilia alikuja mbio kutoka kokote aliko. Lakini ukimwita hageuki, ukimshika mkono analia, na kutwa nzima alipanga punje za mahindi mstari mmoja mrefu kutoka mlangoni hadi zizini. Kaka, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, alituita akasema upande wetu hajawahi kuzaliwa mtu wa namna hii. Damu mbaya imetoka kwa mke wangu, kwa watu wa Kisongo, na kama nina akili nimrudishe kwao kabla hajanizalia mwingine. Mama yetu alikuwapo. Alitazama chini.

Mimi nilikuwa bwana mifugo. Nasema nilikuwa, kwa sababu miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, serikali ilipunguza watu na mimi nikapunguzwa. Josho la kuogeshea ng'ombe likapewa mtu binafsi, nikabaki natibu ng'ombe wa majirani kwa mkoba wangu mwenyewe. Kazi hiyo ilinifundisha jambo moja nililoliamini kuliko mahubiri ya Jumapili: ugonjwa uko kwenye damu. Ng'ombe akidhoofu unamtoboa sikio, unapaka tone kwenye kioo, unalitia rangi, unachungulia kwenye hadubini, na ndigana, ule ugonjwa wa kupe, unaiona kwa macho yako. Ng'ombe hasemi, lakini damu yake inasema.

"Mama Nai," nikamwambia mke wangu, "nitakuletea karatasi ya daktari. Ikionyesha ni ugonjwa, hakuna atakayekugusa."

"Nami nakuja."

"Baki. Huko ni mambo ya kuzungumza na madaktari."

Nilisema kama mtu mwenye cheo, na cheo chenyewe kilikuwa kimeshaondoka. Hata leo naona aibu.

Jumatatu alfajiri mimi na Nai tulipanda pikapu ya maziwa pale Oldonyosambu. Mlima Meru ulikuwa umefunikwa wingu mpaka chini, na baridi ilikuwa kali. Nai alipenda mngurumo wa gari. Aliegemeza shavu kwenye bodi akatulia. Tulipofika Ngaramtoni dereva akazima injini ili apakie maharage, na hapo hapo mtoto akapiga ukelele. Wanawake wa sokoni wakasogea.

"Wewe baba, huyu mtoto ni wako kweli?" mmoja akaniuliza.

"Ni wangu."

"Mbona anakukimbia? Mama yake yuko wapi?"

Dereva ndiye aliyeniokoa, akasema ananifahamu, mimi ni daktari wa ng'ombe. Wakacheka, wakatuacha.

Saa nne tulishuka Sakina, pembeni mwa mji. Mabasi ya Nairobi yalikuwa yanapiga honi, mafundi wanagonga mabati, na kila mwenye kibanda amefungulia redio yake. Nai aliziba masikio, akajilaza barabarani na gauni lake la kanisani. Nilimbeba begani kama gunia, akinipiga mateke mgongoni, mpaka Kaloleni kwa Bi Zuhura, mjane wa dereva wetu wa zamani wa ofisini.

"Karibuni, Baba Nai. Poleni na njia. Na mgeni wangu huyu, mbona hanisalimii?"

"Hasemi, Bi Zuhura. Nimemleta apimwe damu."

Mama yule mtu wa Tanga hakuuliza zaidi. Alileta wali na mchuzi, Nai akausukuma. Alileta wali mtupu kwenye kisahani kingine, akala wote. Kisha akamwachia kikapu cha vibanio vya nguo, na mtoto akavipanga ukumbini kutwa nzima bila kilio. Bi Zuhura alikuwa akiviruka anapopita, asivivuruge. Nyumbani kwetu hatukuwahi kufanya hivyo. Sisi tuliyafagia yale mahindi.

Jumanne saa tatu tulikuwa zahanati. Ilikuwa moja ya zile mpya za watu binafsi zilizochipuka siku zile, rangi bado inanuka, na mwenyewe alikuwa daktari mstaafu wa serikali. Niliomba apime kila kinachopimika. Dada wa maabara alimgeuza Nai kichwa, akasimama.

"Hizi alama sikioni ni za nini?"

"Mwiba," nikasema.

Haukuwa mwiba. Wiki tatu nyuma, mama yake akiwa kanisani, nilichemsha sindano yangu ya kazini, nikambana mtoto katikati ya magoti, nikamtoboa sikio kama ninavyomtoboa ndama. Mara ya kwanza tone halikutosha, nikarudia. Nilichungulia hadubini mpaka macho yakauma, nisione kitu ninachokijua. Tangu siku ile nikigusa mkoba wangu tu, Nai anakimbilia nyuma ya ghala. Zamani alikuwa anakuja kuegemea mgongo wangu nikikamua. Hakuegemea tena.

Walimshika watu wanne. Mimi nilipewa kichwa. Nai hakuwa mtoto wa kumtazama mtu machoni, lakini sindano ilipoingia alinitazama, moja kwa moja, mpaka bomba likajaa. Nilikuwa nimeyatamani macho yale miaka mitano.

Jumatano asubuhi daktari alinikabidhi karatasi. Malaria hakuna, kaswende hakuna, selimundu hakuna, wingi wa damu wa kutosha.

"Damu ya mtoto ni safi," akasema.

"Pima tena, daktari. Haiwezekani."

"Ningekuwa na mashine zote za Ulaya ningekwambia hivyo hivyo." Akavua miwani. Akanitajia jina la Kizungu; leo tunaita usonji, wakati ule nilikuwa silijui kwa lugha yoyote. "Wataalamu wa huko wanatafuta alama yake kwenye damu. Labda siku moja wataipata. Kwa sasa mtoto wa hivi anatambuliwa kwa kutazamwa. Anavyocheza, anavyokula, anavyokaa na watu. Wewe umewahi kukaa ukamtazama?"

Nikaisoma tena ile karatasi.

"Kwenye ukoo kuna mwingine wa namna hii?"

"Upande wa mama yake," nikaanza, "wanasema..."

"Nimeuliza ukoo wote, mzee. Upande wako je?"

Nilifungua kinywa niseme hakuna, na papo hapo nikamkumbuka baba mdogo Saruni. Alichunga ndama maisha yake yote. Hakuoa. Hakula chakula kilichogusana na kingine. Ukimuuliza jambo alikurudishia swali lako lile lile, neno kwa neno, na sisi watoto tulimuuliza makusudi ili tucheke. Alifariki nikiwa darasa la tano. Nyumbani tulimwita mkimya, basi, na kwa kuwa alikuwa na jina hilo hakuna aliyejiuliza zaidi.

"Yupo," nikasema. "Alikuwapo."

"Siwezi kuapa kwamba ndicho hicho. Lakini usimtwishe mkeo."

Saa kumi na moja jioni ya siku hiyo tulifika nyumbani. Kaka alikuwa ameshakaa, mama pembeni yake, na mke wangu amesimama mlangoni. Nilimpa kaka karatasi. Aliisoma polepole, akaikunja vizuri.

"Inasema damu ni safi."

"Ndiyo."

"Basi si ugonjwa. Kama si ugonjwa ni laana, na laana imeingia hapa na mwanamke."

Karatasi niliyoisafiria ili nimtetee ndiyo iliyomhukumu. Basi nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia: "Na baba mdogo Saruni je? Yeye alitoka Kisongo?"

Kaka alinitazama kama nimevua nguo hadharani.

"Saruni alikuwa mkimya tu," mama akasema taratibu.

Kaka akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga. Niliona nimeshinda, nikamgeukia mke wangu nikitegemea shukrani. Alikuwa amepiga magoti, anabandua pamba kwenye mkono wa mtoto.

"Kumbe mlikuwa naye," akasema.

"Nilikuwa nimemsahau, Mama Nai."

"Mama hapa alimsahau? Lomayani alimsahau?" Hakupaza sauti. "Mmekula na mtu huyo, mmemzika kwa mikono yenu. Halafu mkaniweka katikati mnanihukumu, na wewe ukatoka kwenda kutafuta sababu kwenye damu ya mwanangu."

Alhamisi asubuhi aliondoka kwenda kwao, na Nai mgongoni. Hakurudishwa na mtu, alikwenda mwenyewe. Nilimbebea mzigo mpaka barabarani. Nilipotaka kumpokea mtoto ili apande gari, akasema, "Huyu namuweza."

Safari ile ilinifundisha kwamba ushahidi wa kumtetea mke wangu nilikuwa nao tangu nikiwa mtoto, na ningeusema siku ile kaka alipotuita, tusingefika mjini. Sikusahau. Niliona aibu kwa ajili ya Saruni, nikaiita aibu hiyo kusahau, na nikamtoboa mtoto ili nisiitazame. Mama Nai hakurudi. Baba mkwe hakunifukuza. Kila nikienda Kisongo ananikaribisha chai na tunazungumza habari za mvua. Mwaka wa pili mke wangu aliniambia Nai amepata maneno mawili, na anayasema vizuri tu wakiwa wenyewe.

Mimi sijawahi kuyasikia.